Deki Imekufa, Risiti Bado Ipo

Deki ya DVD haifi siku unayoinunua. Siku hiyo, kwenye fremu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kijana anaitoa kwenye boksi, anaichomeka, anatia diski yake ya kujaribia, picha inatokea, sauti inatoka, mnamalizana bei. Inakufa wiki ya tatu au ya nne, Jumamosi usiku, watoto wameshajipanga mkekani. Inazunguka, inakwama, inaandika kwamba haioni diski. Unaifuta diski kwa kanga, unairudisha, jibu ni lile lile. Kwa wengine sinia linagoma kutoka. Kwa wengine taa inawaka na kuzima. Na wapo ambao kila kitu kiko sawa isipokuwa tundu la USB, na ndilo hasa lililowafanya wainunue.

Jumatatu unapanda basi la mwendokasi, unashuka Msimbazi, deki imo kwenye kiroba. Dukani unapokewa kwa heshima zote: “Mama, hii si tuliijaribu hapa hapa ikapiga? Halafu tazama risiti yako, imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Wengi huishia hapo, wakapeleka deki kwa fundi wa mtaani na kulipa mara ya pili. Hayo majibu mawili ya muuzaji yanasikika kama sheria. Hakuna hata moja kati yake lililo sheria.

Haki ya kupata deki inayofanya kazi haitoki kwenye huruma ya duka, wala kwenye kadi ya waranti. Inatoka kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka enzi za Mwingereza na ambayo bado inatumika. Sheria hiyo inasema yapo masharti yanayoingia katika kila mauzo ya namna hii hata kama hakuna aliyeyatamka. Bidhaa lazima ilingane na maelezo yake: boksi likisema inasoma DVD, VCD, MP3 na USB, basi isome vyote vinne. Ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu hivyo, bidhaa lazima iwe na ubora unaokubalika kibiashara. Na ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kuifanya nayo, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, lazima iifae kazi hiyo.

Hilo la mwisho wanunuzi wengi wanalipoteza kwa ukimya wao. Wanafika na kutaja jina na namba ya modeli waliyoiona kwa jirani. Sheria inasema ukiagiza kitu kwa jina lake la kibiashara, sharti la kufaa kwa kazi maalumu halikuhusu tena, kwa kuwa umechagua mwenyewe. Kwa hiyo sema: “Kaka, nataka ya kuonyeshea diski za harusi zilizochomwa, na flashi ya watoto.” Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko dakika kumi za kupunguziana bei, hasa ukiisema mbele ya shahidi au kwenye ujumbe wa WhatsApp.

Sasa hili la “tuliijaribu ikapiga”. Ni kweli sheria inamnyima nafuu mnunuzi aliyekagua bidhaa halafu akalalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungeionyesha. Kama sinia lilikuwa limevunjika mbele ya macho yako ukanyamaza, umekwisha. Lakini jaribio la dakika mbili kwa diski safi ya dukani linaonyesha nini? Linaonyesha kwamba siku ile lensi iliona diski ile. Halionyeshi mwanga wa leza uliokuwa dhaifu tangu kiwandani, wala kapasita iliyoanza kuvimba ndani ya saketi ya umeme. Kasoro iliyojificha haifutwi na jaribio lisiloweza kuiona.

Muuzaji anayejua kazi yake atakuja na hoja nyingine: diski zako za kuchoma ndizo zimeua lensi. Hapo pana ukweli kidogo, maana diski iliyochomwa nyumbani hurudisha mwanga kwa udhaifu kuliko ile iliyogongwa kiwandani, na kifaa huhangaika zaidi kuisoma. Ila kama boksi lenyewe limeandikwa kwamba kinasoma diski za kuchoma, basi kuzisoma ni sehemu ya maelezo aliyokuuzia. Usilitupe boksi. Nyumba zetu ni ndogo, najua, lakini lile karatasi gumu ni sehemu ya mkataba wako.

Vipi kuhusu maandishi ya chini ya risiti? Kwa sheria ile ya zamani, wenye mkataba waliweza kukubaliana kuyaondoa masharti yasiyotamkwa. Ndipo ikaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Sheria hii ina sehemu nzima juu ya masharti yanayomlinda mlaji, na muuzaji hawezi kuyafuta kwa kugonga mhuri. Zaidi ya hapo, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki au nafuu aliyo nayo. Hivyo muuzaji anayekuonyesha “hairudishwi” kana kwamba ndiyo mwisho wa mazungumzo anaweza kuwa ameongeza kosa juu ya kosa. Maneno yale yanaweza kumsaidia dhidi ya mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Kwa deki isiyosoma diski hayana nguvu hiyo.

Nisikufiche ugumu uliopo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwako: kwamba kasoro ilikuwemo, na kwamba hukuisababisha wewe. Ndiyo maana namwogopa fundi wa mtaani kuliko ninavyomwogopa muuzaji. Simsemi kwa ubaya, ana mikono ya dhahabu, lakini akishakata stika ya kiwanda, akabadilisha lensi na kurudishia skrubu tatu kati ya nne, ushahidi wako umekwisha. Hakuna atakayeweza kusema kwa uhakika kasoro ilikuwa ya nani. Deki ikigoma, ichomoe, irudishe kwenye boksi, chukua video ya simu inayoonyesha inavyogoma, na usimruhusu yeyote aifungue kabla muuzaji hajaiona.

Muda nao unakula haki. Sheria inakuhesabu kuwa umeikubali bidhaa ukikaa nayo kwa muda unaozidi kiasi bila kumwambia muuzaji kwamba unaikataa. Haikutaja siku, na mahakama itaangalia mazingira, lakini mtu aliyelalamika kesho yake yuko pazuri kuliko aliyesubiri Ramadhani ipite. Kuna kona nyingine: kitu ulichokichagua mwenyewe kwa mkono, kile kile, umiliki ukishahamia kwako, Sura ya 214 hukuelekeza zaidi kwenye fidia kuliko kukirudisha na kudai pesa yote. Kwa hiyo ukienda dukani dai kwa mpangilio: nibadilishie, kama haiwezekani, nirudishie fedha, kama hutaki, lipa gharama ya matengenezo. Muuzaji mwenye akili atachagua la kwanza.

Kariakoo ina mtu wa tatu ambaye vitabu vya sheria havimjui kwa jina lake: winga. Amekupokea kituoni, amekuita “dada yangu”, amekupeleka ghorofa ya tatu na kuongeza chake juu ya bei. Deki ikifa, dukani wanasema hawamjui, na yeye simu haipokei. Muuzaji wako kisheria ni nani? Kama duka lilimwacha akuhudumie ndani ya fremu yao, likapokea fedha na kutoa mzigo, ni vigumu kwao kukana kwamba alifanya kazi kwa niaba yao. Kanuni za uwakala zimo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ila hoja hiyo haina miguu bila risiti.

Risiti ninayoisema ni ya mashine ya kielektroniki, EFD, siyo kikaratasi cha kalamu. Wimbo wa Mamlaka ya Mapato, TRA, wa “ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti” tumeuzoea kama habari ya kodi tu, na mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei 2023 ulituonyesha jinsi habari hiyo ilivyo na moto. Kwa mnunuzi risiti ni hati ya ununuzi: ina jina la mwenye biashara, TIN, tarehe, saa na kiasi. Fremu inaweza kuhama, bango likabadilishwa, lakini TIN inabaki. Hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulicholipa. Ukikubali risiti ya elfu kumi kwa deki ya elfu sitini, siku ya kudai utadai elfu kumi. Na ipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ya EFD hufifia ikikaa na joto la Dar es Salaam. Ukilipa kwa lipa namba, tunza ujumbe, na angalia kama jina lililotokea linafanana na la kwenye risiti.

Deki za mtumba nazo zina sheria ile ile, ila matarajio hupungua kulingana na umri na bei. Angalia nyuma ya kifaa kabla ya kulipa. Vilivyotumika Japani vimetengenezwa kwa volti 100. Soketi zetu zina 230. Ukiichomeka bila transfoma, moshi utatoka kabla ya picha. Kama volti imeandikwa wazi na wewe hukusoma, kesi yako ni dhaifu. Kama ulimwuliza muuzaji akajibu “chomeka tu, boss”, mambo yanabadilika.

Kuhusu waranti, neno moja tu: ni nyongeza. Waranti ya miezi sita ikiisha, masharti ya sheria hayafi nayo siku hiyo. Na waranti ya mdomo ni ahadi halali, shida yake ni kuithibitisha. Mwambie aiandike kwenye risiti na kugonga mhuri.

Muuzaji akikataa kabisa, andika barua fupi: ulinunua nini, lini, kwa kiasi gani, kasoro gani, unataka nini, kwa siku ngapi. Mpe nakala, na umwombe asaini kwamba ameipokea. Akikataa, ipeleke mbele ya shahidi. Nakala nyingine peleka FCC. Ikiwa deki ilikuwa na jina la kampuni kubwa na sasa unashuku ni feki, hapo ndipo FCC wana meno zaidi, maana ndio wasimamizi wa Sheria ya Alama za Bidhaa inayohusu bidhaa bandia. Kama tatizo ni usalama, waya unaopiga shoti au plastiki inayoyeyuka, Shirika la Viwango, TBS, nalo lihusishwe. Kituo cha polisi Msimbazi ni kwa aliyetapeliwa, kwa mfano aliyekuta tofali ndani ya boksi. Deki iliyoharibika tu ni deni la madai, na askari hana kazi ya kulikusanya.

Madai ya kiasi hiki yanaanzia Mahakama ya Mwanzo, na Kariakoo ipo. Inaendeshwa kwa Kiswahili, huhitaji wakili, na unaweza kuomba gharama zako zilipwe na atakayeshindwa. Nenda na deki yenyewe, boksi, risiti na nakala yake, video, barua, na shahidi kama yupo. Kwa elfu sitini pima nauli na siku za kazi utakazopoteza. Mimi ningeanza na barua na kumwacha muuzaji apime za kwake.

Kabla ya yote hayo, waulize majirani. Kama usiku ule umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na friji ya jirani nayo imekufa, mdaiwa wako si mwenye fremu. Toa taarifa TANESCO mara moja, upewe namba ya taarifa. Wasipokujibu au usiporidhika, lalamiko linapelekwa kwa mdhibiti wa huduma za umeme, EWURA, na baraza la watumiaji, EWURA CCC, linaweza kukusaidia kuliandika.