Akufaaye kwa Dhiki: Denmark, 1943

Muhula uliopita tulipokuwa tukisoma juu ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mwenzetu mmoja aliinuka akauliza, "Lakini mwalimu, raia wa kawaida wangefanya nini jamani? Mwenye bunduki ni mwenye bunduki." Darasa zima tuliitikia. Mwalimu hakutujibu. Alituambia tu twende maktabani tukasome habari za Denmark. Haya ndiyo niliyoyapata.

Majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark Aprili 1940. Mnamo Septemba 1943, Wanazi walipanga kuwakamata Wayahudi wa nchi hiyo usiku wa tarehe 1 Oktoba. Siri ikatoboka. Aliyeitoboa alikuwa Mjerumani, Georg Duckwitz, afisa aliyeshughulikia mambo ya meli mjini Copenhagen. Asubuhi ya tarehe 29 Septemba, Rabi Marcus Melchior aliwaonya waumini katika sinagogi: ibada imevunjwa, nendeni mkajifiche, na kila mtu amwambie mwenziwe.

Hapo ndipo majirani walipoingia kazini. Dereva mmoja wa ambulensi alichukua kitabu cha simu, akayatia alama majina yaliyoonekana kuwa ya Kiyahudi, akazunguka mjini kuwaonya watu ambao hata hakuwajua. Madaktari na wauguzi wa hospitali ya Bispebjerg waliwaficha wakimbizi wodini kana kwamba ni wagonjwa. Wavuvi nao wakawavusha kwa mashua hadi Uswidi, nchi ambayo haikuwa vitani. Kwa muda wa wiki chache, Wayahudi zaidi ya 7,000 walivuka salama.

Je, wote walikuwa malaika? La hasha! Wavuvi wengi walitoza nauli kubwa, maana wakinaswa wangepoteza mashua, pengine hata maisha. Kule Gilleleje, Wayahudi wapatao 80 waliojificha darini mwa kanisa walikamatwa. Kwa jumla, karibu 470 walipelekwa katika kambi ya Theresienstadt. Tena ile hadithi ya kwamba mfalme alivaa nyota ya manjano ili awaunge mkono Wayahudi si kweli. Wayahudi wa Denmark hawakupata kulazimishwa kuivaa.

Sasa turudi kwa swali la mwenzetu. Kati ya watu hao, hakuna aliyekuwa na nguvu za kulishinda jeshi. Mmoja alikuwa na kitabu cha simu, mwingine kitanda cha hospitali, mwingine mashua ya samaki. Kila mtu alitoa kile alichokuwa nacho. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Tangu nisome habari hizi, kuna jambo linanisumbua. Kama mtu angenibishia hodi usiku ule, ningefungua mlango? Kusema kweli, sijui. Lakini siku nyingine mtu akisema darasani eti raia wa kawaida hawezi lolote, mimi sitaitikia. Nawe je, msomaji?