Somo la Biashara: Duka la Wateja wa Mgao

Ndugu wanafunzi, nanyi wenzangu mliokwisha maliza masomo,

Mmoja wenu, mwenyeji wa Nyamugari upande wa Muyinga kama mimi, ameniuliza jinsi ya kufungua duka dogo kwa familia zinazopata msaada wa chakula. Swali lake ni jema, maana huko kwetu Muyinga ndiko ilikofunguliwa kambi ya Gasorwe mwaka 2002 kwa wakimbizi wa Kongo. Lakini mimi kazi hii nilijifunza mbali na kwetu, nilipokuwa mkimbizi huko Kalobeyei, katika Turkana, kaskazini ya Kenya. Basi nitaeleza niliyoyaona huko, nanyi mtayapima.

Kwanza fahamuni jinsi msaada ulivyotolewa. Hapo zamani watu walipanga mstari wakapimiwa nafaka, maharagwe na mafuta. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo sisi Warundi tumezoea kuliita PAM, lilianzisha katika kambi ya Kakuma njia iitwayo Bamba Chakula. Sehemu ya mgao iligeuzwa kuwa fedha, zikatumwa katika laini ya simu ya familia. Fedha hizo hazikutolewa taslimu. Zilinunua chakula tu, tena katika maduka yaliyoandikishwa. Kalobeyei ilipofunguliwa mwaka 2016, karibu mgao wote ulipitia njia hiyo. Kwa muda fulani kila mtu alipata shilingi 1,400 za Kenya kwa mwezi. Familia ya watu watano ilipata 7,000.

Faida yake ni wazi. Mama alichagua mwenyewe chakula cha watoto wake, na mwenye duka alipata wateja wa hakika.

Lakini fedha ziliingia mara moja kwa mwezi, na tumbo hudai kila siku. Chakula kilipoisha kabla ya mwezi, mama alikuja kukopa. Mimi nilikuwa karani wa duka moja. Kila mkopaji aliacha kwetu laini yake ya simu kuwa rehani, pamoja na namba yake ya siri. Nilizitia zote katika kopo la maziwa chini ya meza. Fedha zilipoingia tulijilipa, kisha tukamkopesha tena. Hakuweza kwenda duka jingine, hata kama bei ya huko ilikuwa nafuu.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme kilo ya unga hununuliwa kwa shilingi 100, na gari hulipwa 10. Ukiuza kwa 120, faida ni 10. Mkopaji tulimwuzia kwa 140. Akichukua kilo 20, amelipa 400 zaidi ya mwenye fedha mkononi. Kwa 400 hizo angepata kilo 3 za unga na chenji. Unga huo ulitoka katika sahani za watoto wake, na kalamu iliyouandika ilikuwa yangu.

Siku moja mama wa watoto wanne alikuja kuniomba laini yake. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, na maziwa yalikuwa katika duka la pili, si letu. Nilimjibu kwamba deni halijaisha. Hakugombana nami. Alilitazama lile kopo, akaenda zake. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nilimpelekea laini bila kumwuliza tajiri wangu, nikaachishwa kazi. Baadaye nilisikia kwamba yule mama alilipa deni lote kwa miezi mitatu, wala hakuna aliyemshika.

Msidhani tajiri wangu alikuwa mtu mbaya. Familia 40 zikikopa mgao wa mwezi mzima, ni shilingi 280,000 zilizo nje, naye alidaiwa na duka la jumla. Fedha zikichelewa, hana la kujibu. Ndiyo maana duka la namna hii lataka kanuni tangu siku ya kwanza. Zangu ni hizi:

1. Usishike kadi, laini wala namba ya siri ya mteja.

2. Bei iwe moja kwa wote, nayo iandikwe ubaoni.

3. Mkopo uwe na mpaka. Mimi nasema robo ya mgao: mwenye 7,000 asikope zaidi ya 1,750.

4. Deni liandikwe katika madaftari mawili, moja lako na moja la mteja: siku, kitu, kipimo na bei.

5. Usitegemee mgao peke yake. Mwaka 2025 msaada wa Kakuma ulipunguzwa sana kwa upungufu wa fedha. Watafute pia wakulima na walimu wawe wateja wako.

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Anayekopesha bila kipimo naye hufika katika matanga hayo hayo.

Sasa kazi kwenu. Una mtaji wa faranga 600,000. Familia 30 zataka kukopa, kila moja faranga 15,000. Ukizikopesha zote, utabakiwa na kiasi gani cha kununua bidhaa? Na fedha zao zikichelewa wiki mbili, utauza nini? Wewe wa Nyamugari, nijibu hayo kabla hujapiga rafu msumari.

Wasalaam.