Kimbia Huku Ukipiga Soga

Kwenye vikundi vya mbio hapa Dar, asidi ya laktiki ndiyo mshtakiwa wa kila kosa. Mapaja yakiwaka moto, ni yenyewe. Mtu akishindwa kushuka ngazi Jumatatu, ni yenyewe. Hilo la ngazi nalikataa. Baada ya mbio kali, lakteti (ndivyo asidi hiyo ilivyo mwilini) kwenye damu hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya kesho yake yanatokana na nyuzi za misuli zilizoumizwa na kazi ambayo hazijaizoea.

Tena lakteti si taka. Tangu miaka ya 1980, George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ameonyesha kuwa ni nishati inayosafiri: msuli mmoja huitoa, mwingine huipokea na kuichoma, moyo nao huitumia, na ini huigeuza tena kuwa glukosi. Kwa hiyo sijizuii kuitengeneza; nauzoesha mwili kuitumia upesi. Mbio za mwendo wa wastani huongeza mitokondria, vinu vya kuichomea, pamoja na protini zinazoipitisha kuingia kwenye seli.

Nafanyaje? Siku nyingi natoka alfajiri na kukimbia dakika 40 hadi 60. Kipimo changu ni mdomo. Nikiweza kusema sentensi nzima, niko sawa. Nikianza kujibu “ee” na “aa” tu, napunguza mwendo. Mtu aliyepumzika huwa na takriban milimoli 1 ya lakteti kwa lita ya damu, na karibu na 2 huanza kupanda. Nataka kukaa jirani na hapo, bila kujitoboa kidole ili kupima damu.

Joto na unyevu wa Dar hupandisha mapigo ya moyo, basi kasi ya wiki jana isikutawale. Kwenye mwinuko wa Daraja la Tanzanite nafupisha hatua, hata nikipitwa na wazee (na hunipita, wakinisalimia). Kule Iten, Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hata mabingwa huanza mbio zao nyepesi kivivu kabisa.

Mbio kali naziwekea siku moja kwa wiki. Baada ya wiki kadhaa, rudia njia ileile kwa pumzi ileile, utazame saa. Ikiwa umefika mapema zaidi, ongeza dakika kwanza, kasi baadaye.