Penda Kamera, Lakini Tunza Hesabu

Mohamed Amin alianzisha Camerapix mwaka wa 1963, akiwa bado kijana. Alifariki 1996, lakini picha zake zilikuwa zimetunzwa, na mwanawe Salim akaendeleza kazi.

Je, wewe unayepiga picha za mahafali pale Egerton au harusi hapa Nakuru, utawaachia wanao nini? Anza hivi:

1. Pokea malipo kwa till. Pesa ya kazi isichanganyike na ya unga.
2. Itisha arbuni kabla ya harusi, na salio kabla ya kukabidhi picha.
3. Mtoto akikusaidia, mlipe kwa simu. Rekodi itabaki.
4. Hifadhi picha mahali pawili.

Kamera itachakaa. Picha na hesabu safi ndizo zinarithiwa.