Daktari wa Wanyama Aliyegonga Milango ya Watu



Hebu tuanze na swali. Mtoto wako ameshikwa na upele. Unampaka dawa, anapona. Baada ya wiki tatu anajikuna tena. Utafanya nini? Wengi wetu tutarudi dukani kununua dawa nyingine. Lakini mama mwenye busara atauliza, "Kwani huu upele unatoka wapi?" Atatazama blanketi, atatazama nguo, atauliza habari za watoto wa jirani wanaolala pamoja na wake.

Somo letu la leo ni juu ya mtu aliyeuliza swali hilo, na jibu alilopata likageuza kazi yake yote. Mtu huyo ni Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama kutoka nchi jirani ya Uganda.

ALIKOTOKA

Gladys alizaliwa Kampala mwaka 1970. Baba yake, William Kalema, alikuwa amewahi kuwa waziri. Mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, alitekwa na kuuawa. Gladys alikuwa bado mtoto mdogo. Mama yake, Rhoda Kalema, alibaki na watoto, akawalea na kuwasomesha, na baadaye akawa mbunge. Kwa hivyo utumishi kwa watu Gladys aliuona nyumbani kabla ya kuusoma popote.

Tangu utotoni alipenda wanyama. Alipokuwa shule ya sekondari ya Kibuli alikifufua chama cha wanafunzi cha wanyamapori. Akaenda Uingereza kusomea udaktari wa wanyama. Mwaka 1996 akaajiriwa na shirika la hifadhi za wanyama la Uganda, akiwa daktari wa kwanza wa aina hiyo katika shirika hilo. Alikuwa bado kijana.

UPELE WA MWAKA 1996

Kusini magharibi ya Uganda kuna msitu mnene unaoitwa Bwindi. Humo wanaishi gorila wa milimani, ambao ni wachache sana duniani. Watalii hulipa pesa nyingi kuwaona, na pesa hizo husaidia nchi.

Mwaka 1996 habari zikamfikia daktari huyu kijana: gorila wa kundi moja wananyonyoka manyoya, ngozi imekuwa na magamba meupe, wanajikuna mchana kutwa. Kabla ya kwenda alimuuliza daktari mwenzake wa binadamu, "Watu wakiwa na dalili kama hizi huwa ni nini?" Jibu likawa rahisi: upele. Akabeba dawa na kwenda nayo.

Kumbe ulikuwa upele kweli. Mtoto mmoja wa gorila alikufa. Wale wengine walipona baada ya kutibiwa. Hapo kazi ya daktari wa wanyama ingeweza kuishia.

Lakini ule upele ulitoka wapi? Gorila walikuwa wakitoka msituni na kuingia mashambani kula migomba ya watu. Wenye mashamba, ili kuwatisha wanyama, walisimamisha miti na kuivisha nguo kuukuu ionekane kama mtu. Gorila walizishika zile nguo. Kijidudu cha upele huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na kinaweza kukaa kwenye nguo siku mbili tatu bila kufa. Iliaminika kwamba ndiyo njia ugonjwa uliyopitia, kutoka kwa watu hadi kwa wanyama.

Sasa fikiria, msomaji. Ukiwatibu gorila leo na nyumba zile zibaki na upele, mwaka kesho utarudi na sindano zile zile. Na upele ni jambo dogo. Je, ikiwa ni kifua kikuu?

HALI YA WANYUMBA WENYEWE

Dkt. Gladys aliingia vijijini. Alikuta watu maskini wanaokaa mbali na hospitali, maji ya kuteka mbali, nyumba nyingine bila choo, watoto wengi kitanda kimoja. Tena kulikuwa na uchungu. Bwindi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Watu waliozoea kuchukua kuni, asali na dawa za miti msituni walikatazwa, na Wabatwa, walioishi humo tangu mababu, walitolewa. Mtu aliyenyang'anywa msitu halafu aambiwe awatunze gorila atakuuliza, "Na mimi ananitunza nani?"

Swali hilo ni la haki, na ndilo lililokuwa msingi wa kazi iliyofuata. Mwaka 2003 Dkt. Gladys, mumewe Lawrence Zikusoka na wenzao walianzisha shirika la kuhifadhi wanyama kwa njia ya afya ya umma, linalojulikana kwa kifupi CTPH.

KAZI MBILI ZIKAWA MOJA

Walifanya nini hasa? Tutaje mambo manne.

1. Waliwafunza wanakijiji wenyewe kuwa wahudumu wa kujitolea. Mhudumu anapita nyumba kwa nyumba. Anafundisha kunawa mikono na kutumia choo, anamtambua mtu anayekohoa muda mrefu na kumpeleka akapimwe kifua kikuu. Kuanzia mwaka 2007 wakaongeza mafunzo ya uzazi wa mpango. Katika safari hiyo hiyo anauliza kama gorila wamefika shambani.

2. Wapo wanakijiji wengine waliofunzwa kuwarudisha gorila msituni bila kuwaumiza. Mwenye shamba sasa ana mtu wa kumwita badala ya kuchukua mkuki.

3. Kinyesi cha gorila kinakusanywa na kupimwa. Ugonjwa ukianza unajulikana mapema kabla ya kuenea.

4. Walijua kwamba anayejitolea naye ana tumbo. Wahudumu walisaidiwa kwa vikundi, wakapata mifugo ya kuendesha pamoja, na faida ikaingia katika chama cha kuweka na kukopa. Baadaye, mwaka 2015, kukaanzishwa biashara ya kununua kahawa ya wakulima wanaopakana na hifadhi kwa bei nzuri.

Matokeo? Hesabu ya mwaka 1997 ilionyesha gorila kama 300 huko Bwindi. Hesabu ya mwaka 2018 ikapata 459, pamoja na msitu wa Sarambwe ulioungana nao upande wa Kongo. Si kazi ya shirika moja. Wako askari wa wanyama, serikali, madaktari wengine na wanakijiji wenyewe. Lakini mchango wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba umetambuliwa, na mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Dkt. Gladys tuzo yake kubwa ya mazingira.

MAJARIBU YA MWAKA 2020

Msidhani njia ilikuwa nyororo. Korona ilipoingia mwaka 2020, watalii walikoma ghafla. Aliyekuwa akibeba mizigo ya wageni au kuuza vinyago alibaki hana kitu. Njaa ikarudisha watu msituni kuwinda. Mwezi wa Juni mwaka huo gorila dume mashuhuri aliyeitwa Rafiki aliuawa kwa mkuki na mwindaji aliyekuwa akitafuta wanyama wadogo wa kula.

Hapo somo lilionekana wazi: sufuria ikiwa tupu, msitu hauna mlinzi. Shirika likagawa mbegu za mimea inayokua haraka ili familia zipate chakula. Wale wahudumu waliofundisha kunawa mikono miaka mingi walikuwa tayari kufundisha juu ya korona, na walinzi na wageni walitakiwa kuvaa barakoa na kusimama mbali zaidi na gorila, kwani mafua ya mtu yanaweza kumwua mnyama huyo.

NA SISI KENYA?

Usiseme, "Sisi hatuna gorila." Tuna mbwa, ng'ombe, mbuzi, visima na misitu. Kule Turkana watu wengi waliugua uvimbe wenye maji tumboni, unaoletwa na mayai ya minyoo ya mbwa. Mbwa hula matumbo ya mifugo iliyochinjwa, kisha analala karibu na watoto. Mwaka 1983 AMREF ilianza kampeni huko. Daktari wa kupasua alihitajika, ndiyo, lakini ilibidi pia mbwa watibiwe na watu wafundishwe kutowatupia matumbo mabichi.

Kadhalika, kikundi kinachopanda miti kando ya chemchemi kinalinda matumbo ya watoto. Anayechimba choo mbali na kisima anatunza mazingira na afya kwa jembe moja.

YA KUFANYA NYUMBANI

- Upele ukiingia, watibuni wote wa nyumba hiyo siku moja, kama muuguzi alivyoelekeza. Fueni nguo na matandiko kwa maji ya moto na kuanika juani.
- Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu. Katika vituo vya serikali dawa zake ni za bure.
- Tengenezeni kibuyu chirizi karibu na choo: mtungi wa plastiki, kamba, kijiti cha kukanyaga na sabuni.
- Chemsheni maziwa. Wachanjeni mbwa dhidi ya kichaa.
- Mjueni mhudumu wenu wa afya ya jamii. Mpeni habari za mifugo wanaougua pia, naye azifikishe kwa daktari wa mifugo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni ugonjwa gani unaorudi rudi hapa kwetu kila mwaka? Tumeutibu mara ngapi, na tumeuliza mara ngapi unatoka wapi?
2. Je, kuna watu hapa waliozuiwa kuingia msitu, mto au malisho? Nani amewauliza hali zao?
3. Wahudumu wetu wa kujitolea wanakula nini? Kikundi kinaweza kuwasaidia namna gani?
4. Chagueni jambo moja mtakalofanya kabla ya mkutano ujao. Andikeni jina la atakayelisimamia, na tarehe.

Ndugu na dada, Dkt. Gladys aliitwa kutibu ngozi ya mnyama, naye akafuata ugonjwa mpaka mlangoni mwa jirani maskini. Sisi tulio mlango kwa mlango hatuna safari ndefu. Tuanze na nyumba inayofuata.