SOMO LA AFYA: ANAPOTAZAMA USO WAKO, ANAONA NINI?



Hapa Kapseret salamu ni jambo kubwa. Ukimpita mtu njiani bila "Chamgei" au "Habari ya asubuhi", jioni utasikia maneno. Lakini yupo jirani ambaye siku hizi hata ukimchekea anapita tu. Watu wanasema anajivuna. Huenda ni mgonjwa. Leo tujifunze jinsi ugonjwa wa sonona unavyoyavuta macho ya mtu.

1. Sonona ni nini?

Si uvivu, wala si huzuni ya siku mbili tatu baada ya mahindi kuharibika. Ni ugonjwa unaokaa wiki mbili au zaidi. Mtu hukosa raha hata kwa mambo aliyoyapenda, usingizi unaharibika, nguvu zinaisha, na anajiona hana maana.

2. Macho yanakwenda wapi?

Mwaka 2004 Ian Gotlib na wenzake huko Marekani walitoa utafiti wao. Mtu aliketi mbele ya kompyuta akaonyeshwa nyuso mbili kwa sekunde moja: mmoja wa kawaida, na mwingine wa huzuni, hasira au furaha. Nyuso zikatoweka, na nukta ikatokea mahali pa mojawapo. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe upesi. Akiiwahi nukta ya upande fulani, ndiyo kusema macho yake yalikuwa huko tayari. Wagonjwa wa sonona walivutwa na uso wa huzuni. Wa hasira na wa furaha haikuwavuta hivyo.

Tafiti za baadaye zilizofuata mwendo wa macho ziliongeza kwamba wagonjwa hukawia kwenye picha za huzuni, na hawakai sana kwenye za furaha. Si kila utafiti uliona hivyo, wala si kila mgonjwa yuko hivyo.

3. Tulete jambo hili nyumbani

Tuchukue mfano. Mama mwenye sonona anakuja kwenye kikundi. Wenzake tisa wanamkaribisha kwa tabasamu. Wa kumi amekaa kinyonge kwa sababu ng'ombe wake anaumwa. Mama anarudi nyumbani na uso wa yule mmoja tu, na usiku kucha anawaza, "Hawanitaki." Mkutano ujao haji. Wenzake nao wananuna: "Kwani tulimkosea nini?" Hakuna anayemwendea. Upweke unazidi, na ugonjwa nao unazidi.

4. Tufanye nini?

(a) Usitegemee tabasamu peke yake. Sema kwa maneno: "Tulikukosa Jumanne. Nimekuja kukuona." Usimwambie "changamka", angeweza, angeshachangamka.

(b) Uliza mambo mawili: Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Maswali ya namna hii yalijaribiwa magharibi mwa Kenya katika kliniki za AMPATH, kwa wagonjwa 347 wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Matokeo yalitolewa 2009, na yalionyesha kwamba yanafaa.

(c) Akijibu ndiyo, bado si wewe wa kusema ana ugonjwa gani. Msindikize kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Eldoret. Sonona inatibika kwa mazungumzo na mshauri, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

(d) Akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Ondoa dawa ya kupe na sumu za shamba, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Wengi walikuwa wanaficha kwa kuogopa polisi, maana sheria ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume cha Katiba. Basi usichelewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Nani ameacha kuja kwetu, na tulisema nini juu yake?
2. Nani atakwenda kumwona wiki hii, na atamwambia nini?
3. Tukihitaji kumpeleka mtu hospitali usiku, nani ana gari au pikipiki?

Msimalize mkutano kabla ya kujibu swali la pili kwa jina la mtu na siku.