"Put off": kuahirisha si kufuta

Nikiwa mwaka wa pili, niliombwa kuwatafsiria akina mama tangazo fupi la Kiingereza: "The training has been put off." Nilijua "put" ni kuweka, "off" ni kuondoka. Nikajumlisha, nikatangaza: mafunzo yamefutwa. Akina mama wakarudi kwao. Wiki iliyofuata mkufunzi alikuja, akakuta viti vitupu.

Wapendwa wanafunzi, kitenzi cha namna hii hakijumlishwi, hujifunzwa kizima. "Put off" kina maana mbili kubwa.

Kwanza, kuahirisha: "They put off the exam." Wanaosoma kwa Kifaransa watakumbuka "reporter". Kufuta, yaani "annuler", ni "call off". Kikifuatwa na kitenzi kingine, hicho huchukua "-ing": "I put off writing my thesis."

Pili, kukatisha hamu au kuchukiza: "The smell put me off." Hapa hakuna tarehe inayosogezwa, ni moyo unaorudi nyuma.

Angalieni pia mpangilio. Nomino hukaa popote: "put off the exam" au "put the exam off". Kiwakilishi hukaa katikati tu: "put it off", kamwe si "put off it". Kiswahili chetu hufanya karibu vilevile: katika "waliuahirisha", "-u-" imo ndani ya kitenzi.

Wale akina mama sikuweza kuwarudisha siku ile. Tangu hapo, kabla ya kutafsiri kitenzi cha Kiingereza, natazama kwanza kijineno kinachokifuata.